Je, Wajua? Maajabu ya Wanaosomea Fizikia

Mwambie mjomba wako kwamba umechaguliwa kusomea fizikia chuo kikuu. Atakupongeza, atanyamaza kidogo, kisha atauliza: "Halafu utaajiriwa wapi?" Mwache kwanza, jibu lake liko mbele. Leo tunafungua kabati la shahada hii na kutoa kimoja kimoja: kijana aliyebadili sura ya dunia kabla hajavaa joho, golikipa aliyepata Nobeli, gitaa lililochelewesha tasnifu, na kilo ya sukari inayotegemea hesabu za mtu aliyeambiwa asipoteze muda wake. Huhitaji kukumbuka kanuni hata moja.

Siri ya atomu ilianza kufichuka mikononi mwa mwanafunzi wa miaka 20

Ernest Marsden alikuwa hajahitimu Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alipopewa kazi ndogo mwaka 1909, ya kumzoesha maabara tu. Arushe chembe za alfa kwenye metali nyembamba kama jani la dhahabu, kisha atazame kama kuna zinazorudi nyuma. Bosi wake, Ernest Rutherford, hakutarajia irudi hata moja. Marsden akakaa gizani akihesabu vimulimuli kwenye kioo, na akaona kama chembe moja katika kila 8,000 inadunda na kurudi ilikotoka!

Mwaka 1911 Rutherford akapata maelezo: atomu karibu yote ni uwazi, na katikati kuna kiini kidogo mno. Chukua atomu moja ya dhahabu, ivimbishe hadi ienee Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kiini chake kitakuwa punje ya harage katikati ya uwanja. Kiti ulichokalia ni hivyohivyo, nawe uliyekalia ni hivyohivyo, na bado hudondoki.

Newton hakuwa na shahada ya fizikia

Isaac Newton aliingia Cambridge mwaka 1661 akiwa mwanafunzi wa kundi lililopunguziwa gharama kwa kuwatumikia wenzao wenye nazo. Bumu lake lilikuwa jasho lake. Alipohitimu mwaka 1665 hakukuwa na shahada iitwayo fizikia, na hata neno la Kiingereza la kumwita mtu "mwanafizikia" lilibuniwa na William Whewell mwaka 1840, Newton akiwa kaburini kwa miaka 113.

Mara tu baada ya kuhitimu, tauni ikafunga chuo, akarudi kijijini kwao Woolsthorpe. Huko shambani alianza kazi zake kubwa juu ya kalkulasi, mwanga na uvutano. Vyuo vyetu navyo vilifungwa mwaka 2020, na wengi wetu tulirudi na kilo za ziada tu.

Max Planck aliambiwa fizikia imekwisha, leo anapima sukari yako

Planck aliingia Chuo Kikuu cha Munich mwaka 1874 akiwa na miaka 16. Profesa wake, Philipp von Jolly, akamshauri atafute fani nyingine, kwa kuwa katika fizikia karibu kila kitu kilikwisha gunduliwa, kilichobaki ni kuziba nyufa. Kijana akajibu kwamba yeye hatafuti ugunduzi, anataka tu kuelewa kilichopo. Mwaka 1900 akafungua mlango wa fizikia ya kwanta, na ule ukuta wa nyufa chache ukaporomoka wote.

Utamu wa kisa uko mwishoni. Tangu Mei 20, 2019, kilo haipimwi tena kwa lile bonge la metali lililotunzwa karibu na Paris. Inatokana na namba moja ya maumbile isiyobadilika, na namba hiyo inaitwa kwa jina la Planck. Kilo ya sukari unayofungiwa dukani kwa Mangi inasimama juu ya kazi ya mtu aliyeambiwa amechelewa.

Golikipa wa Copenhagen

Niels Bohr, aliyekuja kupata Nobeli mwaka 1922 kwa kuichora atomu upya, alidaka mpira katika klabu ya Akademisk. Mdogo wake Harald alimzidi uwanjani: alipata medali ya fedha ya Olimpiki ya 1908 na timu ya Denmark, ile iliyoitandika Ufaransa mabao 17 kwa 1.

Chuo Kikuu cha Copenhagen wakati huo hakikuwa na maabara ya fizikia. Niels akaazima maabara ya baba yake, profesa wa fiziolojia, akapima tabia ya uso wa maji, na utafiti huo ukamletea nishani ya dhahabu akiwa bado mwanafunzi. Wewe ambaye shuleni kwenu mliigawana stopwochi moja darasa zima, hapo una ndugu.

Aliyeshindwa kueleza betri akapata Nobeli

Mwaka 1923 Werner Heisenberg, miaka 21, aliketi mbele ya watahini wa shahada ya uzamivu mjini Munich. Profesa Wilhelm Wien akamuuliza hadubini ya maabara inaweza kutenganisha vitu vidogo kiasi gani. Kimya. Betri inafanyaje kazi? Kimya tena. Alipenya kwa alama za chini, uso umemshuka.

Miaka minne baadaye akatoa kanuni inayosema huwezi kujua kwa ukamilifu mahali ilipo chembe na mwendo wake kwa wakati mmoja. Aliieleza kwa mfano wa hadubini ya kuwazia, na palepale penye hadubini akakosea tena, hadi Bohr alipomsahihisha. Nobeli ya mwaka 1932 ilikuwa yake. Mwenye sapu mwezi huu asome kisa hiki mara mbili, kisha arudi kwenye daftari.

Baba alisema chembe, mwana akasema wimbi, na wote wakapewa tuzo

J. J. Thomson alionyesha mwaka 1897 kwamba elektroni ni chembe, akapata Nobeli mwaka 1906. Mwanawe, G. P. Thomson, alipata yake mwaka 1937 kwa kuonyesha kwamba elektroni hutenda kama wimbi. Mezani kwao hakuna aliyeshindwa, maana wote wawili walikuwa sahihi, na hapo ndipo mwanafunzi wa fizikia hushika kichwa kwa mara ya kwanza.

Kuna chembe zinazopita kiganjani mwako ambazo zilipaswa kuwa zimekufa

Nyoosha kiganja. Karibu kila sekunde kinapenywa na chembe iitwayo miuoni, iliyozaliwa kama kilomita 15 juu angani, zaidi ya Kilimanjaro mbili na nusu zikipandana. Ajabu ni kwamba miuoni huishi, kwa wastani, sehemu 2.2 tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Hata ikikimbia kwa kasi ya mwanga, muda huo unatosha mita 660 tu. Ingepaswa kufia hukohuko juu.

Inafika kwa sababu, kama Einstein alivyoonyesha mwaka 1905, muda wa kinachokimbia sana huenda polepole. Wanafunzi wa vyuo vingi hupima umri wa chembe hii maabara, kwa kifaa kinachoenea juu ya meza. Na usidhani ni mambo ya mbali: saa za satelaiti zinazoongoza ramani ya simu yako hukimbia mbele ya saa za ardhini kwa sehemu 38 za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja kila siku. Zisiporekebishwa, kosa hukua kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Ungeita bodaboda ukiwa Posta, dereva akakusubiri Mwenge.

Gunia la kilo 100 ni zito zaidi kwenye ncha ya dunia

Litundike gunia kwenye mzani wa springi pale Nanyuki, penye mstari wa ikweta, usome kilo 100. Lipeleke na mzani wake Ncha ya Kaskazini, na mshale utapanda karibu nusu kilo bila kuongeza hata punje. Dunia ina kitambi: inazunguka, na kiunoni imetuna kiasi kwamba ikweta iko mbali na kitovu kwa kilomita kama 21 kuliko ncha zake. Uvutano unalegea kidogo.

Mfaransa Jean Richer alilikuta jambo hili mwaka 1672 alipochukua saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, jirani na ikweta. Saa ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Nairobi, Kampala au Kisangani akipima akapata 9.78 badala ya 9.81 iliyomo kitabuni, asikimbilie kufuta. Huenda kitabu kiliandikwa Ulaya, na yeye yuko kwao.

Nyota zilipimwa ndani ya meli

Julai 31, 1930, Subrahmanyan Chandrasekhar, miaka 19, shahada ya kwanza ya Madras ikiwa bado mbichi mkononi, alipanda meli Bombay kwenda kusoma Uingereza. Wenzake wakipunga upepo, yeye alikokotoa. Meli ilikata bahari ileile inayotuletea majahazi wakati wa kaskazi, na humo akaona kwamba nyota iliyozeeka na kujikunja haiwezi kuzidi uzito fulani, kama jua letu mara 1.4. Ikizidi hapo, haina pa kusimama.

Mwaka 1935 bingwa mkubwa, Arthur Eddington, alimdhihaki hadharani London. Chandrasekhar alipokea Nobeli mwaka 1983, miaka 53 baada ya safari ile. Hesabu ya kwenye meli ndiyo iliyofungua njia ya kuyafikiria mashimo meusi.

Neno la Kiswahili limo katika historia ya anga duniani kote

Mnamo Desemba 12, 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, satelaiti ikapewa jina Uhuru.

Mahali pale hapakuchaguliwa kwa sababu ya nazi na samaki. Karibu na ikweta ardhi hukimbia kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bure. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na ikawasaidia wataalamu kukitambua Cygnus X-1, mahali ambapo sasa tunajua kuna shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli mwaka 2002. Mwanafunzi wa fizikia wa Tokyo au Chicago anayesoma habari za eksirei za angani hulitamka neno letu bila kuhitaji kamusi.

Darasani walimpigia miluzi, angani akasikia mapigo

Jocelyn Bell alikuwa mwanamke pekee katika darasa lake la mwisho la fizikia Chuo Kikuu cha Glasgow. Ilikuwa desturi: akiingia ukumbini, wavulana wanapiga miluzi, wanagonga meza, wanakanyaga sakafu kwa vishindo. Akahitimu mwaka 1965. Miaka miwili baadaye, akiwa mwanafunzi wa utafiti Cambridge, alipekua karatasi za mashine zilizotoka kama mita 30 kila siku, akaona doa dogo lisiloeleweka. Lilikuwa pigo la redio linalorudi kila baada ya sekunde 1.33, kama moyo. Alikuwa amegundua palsa, nyota iliyokufa inayozunguka kama pia.

Nobeli ya ugunduzi huo, mwaka 1974, alipewa msimamizi wake. Yeye alipopata tuzo ya dola milioni 3 mwaka 2018, alizitoa zote kuwasomesha wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yanayoachwa nyuma.

Madaftari ambayo huruhusiwi kuyashika ovyo

Vyuo vya Warsaw havikupokea wanawake, ndipo Marie Curie akaenda Paris mwaka 1891, akaishi chumba cha darini chenye baridi, na mwaka 1893 akaongoza mtihani wa shahada ya fizikia. Madaftari yake ya maabara bado yanatoa miale hadi leo, na yanatunzwa ndani ya masanduku yaliyozungushiwa madini ya risasi. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu tu, kwa hiyo wajukuu wa vitukuu vyetu nao watayakuta ya moto.

Mpiga gitaa wa Queen alichukua zaidi ya miaka 30 kumaliza tasnifu

Brian May alihitimu fizikia Imperial College, London, mwaka 1968, akaanza utafiti juu ya vumbi linaloelea kati ya sayari. Kisha bendi ikakolea. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alikuwa mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946, na dunia nzima ikawa inawataka. Vumbi likasubiri. May alirudi kwenye daftari lake na kupata shahada ya uzamivu mwaka 2007, akiwa na miaka 60. Msimamizi wako akikuuliza sura ya pili iko wapi, unaye wa kumtaja, ila hakikisha nawe una bendi.

Sasa lile swali la mjomba

Angela Merkel alimaliza fizikia mjini Leipzig mwaka 1978. Aliiongoza Ujerumani miaka 16, kuanzia 2005 hadi 2021. Tim Berners-Lee alimaliza fizikia Oxford mwaka 1976. Mwaka 1989, akiwa CERN, maabara kubwa ya fizikia kule Uswisi, alipendekeza mfumo wa kuwawezesha wanasayansi kugawana nyaraka, na mfumo huo ndio wavuti unayoperuzi kila asubuhi.

Hata aliyeikimbia ana hadithi. Jeff Bezos aliingia Princeton akitaka fizikia ya nadharia. Usiku mmoja yeye na mwenzake wa chumba walipambana na swali moja kwa saa kadhaa bila kufua dafu, wakalipeleka kwa rafiki yao, naye akalitatua kichwani. Bezos akaona hapa pana wenyewe, akahamia uhandisi wa umeme na kompyuta, akahitimu mwaka 1986. Miaka minane baadaye akaanzisha Amazon. Mwambie mjomba: aliyeshindwa ndiye huyo.

Mtanzania anayetajwa sana katika fizikia alisomea wanyamapori

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa inagombaniwa, akaona asisubiri maziwa yapoe, akayaingiza ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa! Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Kila alipokosea, wenzake wakasema ni "fizikia ya Mpemba".

Hakuliacha swali hilo. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuja kutoa mhadhara. Mpemba akanyoosha mkono na kuuliza: mbona maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35? Darasa likaangua kicheko. Osborne hakucheka sana. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe, likatokea. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kwa majina yao katika jarida la Physics Education, na wakati huo Mpemba alikuwa Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, akisomea uhifadhi wa wanyamapori.

Hadi leo wanafizikia hawajaafikiana. Wengine wanaliona likitokea, wengine wanarudia vipimo na hawalioni, na sababu zinazotajwa ni nyingi kuliko ladha za aiskrimu. Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kuna friza na vikopo viwili vinavyolingana, kesi hii bado iko wazi. Weka maji kiasi kilekile, kimoja ya moto, kingine ya vuguvugu, shika saa, uandike unachokiona na si unachokitarajia. Tumia vikopo vya bati, maana glasi inaweza kupasuka.